Frateri Aliyewaimbisha Wagonjwa

Tulimwita Frateri, ingawa seminari aliiacha zamani, kanzu yake ikiwa bado mpya. Kwetu Muleba jina likishakukaa limekukaa. Kichwa chote kilikuwa kimejaa mvi, ana mke na wajukuu, na bado kina mama walisimama njiani kumwamkia, "Kaboneke, Frateri." Naye aliinamisha kichwa kidogo akaipokea heshima hiyo bila aibu. Hilo ndilo jambo la kwanza lililonifanya nimshuku: mtu mzima anayekubali kuitwa cheo ambacho hana.

Niseme mapema kwamba kushuku ndiyo kazi yangu. Mimi ni mkaguzi wa mizani. Nimezunguka maduka ya Miembeni na maghala ya kahawa ya Kanazi na mawe yangu ya kupimia, na nimeona kila ujanja: jiwe lililotobolewa kwa chini, mzani wenye sumaku, muuza dagaa anayeegemeza kidole huku akikuuliza habari za watoto. Huwezi kushinda na watu hao wiki nzima, halafu Jumapili ukawa mtu wa kuamini. Frateri alilijua hilo. Nikitokea tu kijijini angepaza sauti, "Mkaguzi amekuja, ficheni vibaba!" Watu wakacheka, na mama yangu akacheka kuliko wote.

Nilimshuku kwa mambo mengi, na mengi niliyaachia njiani. Moja lilikataa kuniacha. Siku ile alipoweka kiganja mgongoni mwa mama yangu na kumwambia aimbe, alisikia au hakusikia?

Kiganja ndicho kilikuwa kipimo chake. Wagonjwa walikuja kwake Wakatoliki kwa Walutheri, wakakaa kwenye baraza, wakapewa kahawa ya kutafuna kama wageni wowote. Hakuna aliyeulizwa anaumwa nini. Frateri angemwita mmoja, amsimamishe mbele ya dirisha, aweke kiganja katikati ya mabega yake, afumbe macho na kusema, "Imba." Wimbo wowote. Mama mmoja Mlutheri kutoka Kitendaguro alimuuliza kama wimbo wa kwao unaruhusiwa. Frateri akamjibu, "Mapafu hayajabatizwa, mama. Imba."

Aliyemaliza ubeti bila kukatika alipewa majani: omubilizi, ule mchungu unaokunja uso, au mizizi aliyoichimba mwenyewe kwenye rweya, nyasi zile za nje ya vijiji vyetu. Aliyekatika katikati ya mstari hakupewa kitu. Frateri alifumbua macho na kutamka maneno yale yale kila mara: "Wewe si wangu. Nenda hospitali."

Niliona kwa macho yangu mkulima mmoja wa Kanazi, mtu wa nguvu zake, amekuja kwa sababu ya kikohozi. Aliimba nusu ya mstari, akavuta hewa, akaendelea, akavuta tena. "Wewe si wangu," Frateri akamwambia. Yule bwana akakasirika. Alikuwa amekuja na mkungu wa ndizi, hakuja kufukuzwa. Frateri akaubeba ule mkungu yeye mwenyewe, akaufunga nyuma ya bodaboda, akampandisha yule bwana na kumwambia dereva asisimame popote mpaka hospitali. Yule mkulima alitibiwa kifua kikuu akapona, na kila mwaka akawa anamletea Frateri ndizi.

Watu walisimulia kisa hicho kama muujiza. Mimi nilikisikiliza kama ninavyomsikiliza mfanyabiashara anayenionyesha mzani wake mzuri. Kila mmoja anao mmoja mzuri, anauweka mbele.

Falsafa alikuwa ameisoma hadi mwisho, akaondoka kabla ya teolojia. Kwa nini aliondoka? Kwa paroko alisema ni afya. Kwa wanakwaya aliowafundisha alisema walimkataza kupiga enanga. Kwa mama yangu alisema, "Nilifika mahali wana majibu mengi kuliko maswali, nikaona niondoke mapema." Mimi nikikuta duka lina mizani mitatu inayosema uzito tofauti, nafunga duka. Nilimweleza hivyo hivyo. Akaniuliza kama nimewahi kufanya jambo lolote kubwa maishani kwa sababu moja tu. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake: unamuuliza, anakuachia swali lingine, unakwenda nalo nyumbani.

Alifuga mbwa wawili, Sababu na Matokeo. Sababu alikufa kwanza, amegongwa na pikipiki barabarani. Matokeo akabaki anabweka kila jioni peke yake. Frateri alituita tumsikilize, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mnaona? Sababu haipo, Matokeo yanaendelea!" Kisha akakaa kwenye ngazi akalia machozi ya kweli. Nilimwonea huruma. Halafu nikajiuliza kama ule mzaha aliutunga kabla ya kumzika mbwa au baada ya kumzika.

Enanga alijifunza kwa babu mmoja kipofu. Ni gogo lililochimbwa, likatandikwa uzi mmoja mrefu unaokwenda na kurudi, na mpigaji analilaza mapajani. Zamani kilikuwa chombo cha kuwasifu wakama, watawala wetu, na kuita mizimu, kwa hiyo wakubwa wa kanisa hawakukipenda. Frateri alipiga kinanda kanisani asubuhi, mchana akapiga enanga barazani kwake, na hakuona kwamba kuna mgongano. Pasaka moja aliiingiza enanga kanisani bila kuomba ruhusa. Paroko alikuwa amekwishavuta pumzi ya kukemea, lakini wazee wa mabenchi ya mbele walianza kulia, naye akaamua kukohoa tu.

Malipo ya pesa hakupokea. Watu walilisema hilo kwa sifa. Mimi lilinikosesha usingizi, kwa sababu mtu asiyechukua pesa anachukua kitu kingine. Na kweli alichukua: kila aliyepona alitakiwa kumwachia wimbo ambao Frateri hakuwa anaujua. Wa kubembelezea mtoto, wa kulimia, wa kilevi, wowote. Bibi vizee waliingia ndani na wimbo wa ukoo wao, wakatoka wameuacha kwenye enanga ya mtu mwingine. Nilimuuliza anazifanyia nini zote hizo. "Nazifuga," alisema.

Siku moja nilimkuta Miembeni, kwenye duka la dawa, anapokea Panadol. Frateri wa omubilizi, Frateri wa mizizi! Nilisimama nyuma yake mpaka akageuka. Mtu mwingine angejikanyaga. Yeye aliitikisa ile karatasi ya vidonge mbele yangu na kusema, "Kichwa changu hakijasoma falsafa, Mkaguzi." Nilicheka bila kupenda. Njia nzima nikawa nawaza wale waliokunywa uchungu wake wakidhani na yeye anaunywa.

Lakini haki yake nimpe. Hakuwahi kumwambia mgonjwa aache vidonge vya hospitali. Nilichunguza, niliuliza nyumba kwa nyumba, sikumpata hata mmoja. Ila hakuwahi kumwambia yeyote aendelee navyo. Ukimuuliza anasema, "Hivyo si vyangu." Kati ya maneno hayo mawili palikuwa na nafasi, na watu waliingia humo wenyewe.

Mama yangu alikuwa sauti ya kwanza katika kwaya yake tangu sijazaliwa. Frateri hakumwita jina, alimwita hivyo hivyo, Sauti ya Kwanza. "Sauti ya Kwanza leo amechelewa." "Mpeni Sauti ya Kwanza kiti." Baba alipofariki, nilianza kumshuku na kwa hilo pia, tena nikalisema waziwazi tukimenya ndizi jikoni. Mama aliweka kisu chini.

"Mwanangu, siku ukimkuta ananiangalia mimi, njoo uniambie, nitafurahi. Yule anaangalia kinywa tu."

Na mimi niliimba kwake nilipokuwa msichana, mpaka nilipokwenda sekondari. Najua alivyofundisha. Hakupoteza muda na nota. Alipoteza muda na pumzi. Alipita nyuma yetu akituwekea kiganja mgongoni mmoja mmoja, na alichukia jambo moja kuliko yote: kusikia mtu anavuta hewa. "Mwizi mzuri hasikiki anaingia," alisema. "Iba pumzi. Iibe kwenye herufi laini, iibe wakati mwenzako ameshika sauti, iibe tumboni, mabega yasijue." Wengi wetu tulishindwa. Mama aliweza. Angeshika sauti toka mwanzo wa ubeti hadi mwisho, na wewe uliyesimama kando yake ungeapa kwamba hakuvuta hewa hata mara moja. Frateri alikuwa akituambia, "Msikilizeni huyu. Huyu ndiye mwanafunzi wangu." Mama alikuwa akitazama chini, lakini alifurahi wiki nzima.

Alipopata presha, hospitali walimpa vidonge, pamoja na kile cha kupunguza maji mwilini. Akavinywa, miguu ikanywea, nikashukuru Mungu. Baada ya muda miguu ikaanza kuvimba tena. Akawa anavaa ndala za marehemu baba kwenda misani, na mikanda yake bado ikimchora. Kupanda kutoka kisimani alikuwa anapumzika mahali ambapo zamani alipita akizungumza.

"Mama, vidonge unameza?"

"Nameza vile vingine. Kile cha maji nimekiacha."

"Nani kakuambia ukiache? Frateri?"

"Frateri kaingiaje? Kile kinanitoa kwenye mstari, mwanangu. Tuko katikati ya wimbo, mimi natafuta choo. Mwanamke mzima ninyanyuke mbele ya watu? Ngoja sikukuu ya somo ipite."

Sikukuu ya somo, mtakatifu wa parokia! Kwaya za vigango vyote zinakutana, na Frateri huwa halali majuma mazima. Nilimwomba mama twende Bukoba akapimwe upya. Akakataa. Nikagomba, nikalia, nikamtuma padri. Akakataa kwa upole, ambayo ndiyo ilikuwa namna yake ya kukataa kabisa. Palikuwa na mtu mmoja tu duniani ambaye angemwambia neno moja akanyanyuka. Basi nikakimeza kiburi changu. Nilimpeleka mama kwa Frateri, mimi mwenyewe, nikiwa na hakika kwamba kile kipimo chake, ambacho sikukiamini, mara hii kitasema ninalotaka. Mtu asiyeweza kupanda kutoka kisimani atamalizaje ubeti?

Frateri alimsimamisha dirishani. Akaweka kiganja. Akafumba macho.

Mama aliimba. Hakuimba ubeti mmoja, aliimba wimbo wote, na sauti haikukatika mahali popote. Nilimtazama mabega; hayakupanda. Nilitazama miguu yake ndani ya zile ndala, imejaa, inang'aa. Wimbo ukaisha. Frateri alifumbua macho, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Huyu ni wangu," alisema.

"Frateri, mwangalie miguu!"

"Nimemsikia mwili mzima, Mkaguzi."

"Mtazame basi! Macho unayo!"

Mama alinishika mkono. "Umesikia mwenyewe. Haya, tusimchoshe mtu wa watu." Akapewa majani yake kwenye kipande cha gazeti, na njiani alikuwa mchangamfu kama binti. Mimi nilitembea nyuma yake nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo juu ya mwizi yeyote wa mizani.

Sikukuu ya somo ilifika, mama akaimba, kwaya yao ikasifiwa mpaka mimbarini. Msimu wa senene wa mwaka ule haukumkuta. Alikufa wodini, nimemshika mkono, akiwa ameegemezwa mito kwa sababu kulala chali alishindwa. Daktari kijana, wala hakuwa na nia mbaya, aliniambia moyo ulikuwa umepanuka kwa muda mrefu na mapafu yamejaa maji. Nikamwambia juzijuzi tu alikuwa anaimba kanisani. Akanitazama kwa huruma. "Dada, mtu wa hali hii haimbi."

Basi hapo nikahukumu. Kiganja kilichomsikia mkulima wa Kanazi kisimsikie mwanamke aliyesimama mbele yake kila Jumapili? Alisikia. Alisikia vizuri sana, lakini sikukuu ilikuwa karibu na hakuwa na sauti nyingine ya kwanza. Alimweka mama yangu kama anavyoweka zile nyimbo. Msibani alikuja na enanga, akakaa kwenye majani ya migomba pamoja na wazee, akaigusa mara moja na hakuweza kuendelea. Watu waliona ni huzuni. Mimi sikumwamkia.

Tulimzika mama kwenye kibanja, shamba letu la migomba, kando ya baba, na baada ya hapo nikawa nakwenda kijijini kwa kupima saa ambazo Frateri hayupo njiani.

Mwaka jana tulifanya misa ya kumbukumbu hapo nyumbani. Kwaya ilikuja, na huwezi kumfukuza mwalimu ukaikaribisha kwaya. Alikuwa amekonda usoni. Hakupiga chochote, aliongoza kwa kidole tu, ameketi. Watu walikula, wakanywa lubisi, wakaaga mmoja mmoja. Mchana ukawa umetulia, na nilipotoka kukusanya viti nilimkuta bado yupo barazani. Amevua viatu. Vimewekwa kando ya kiti, vimepangwa vizuri, na miguu yake iko juu ya sakafu baridi.

Niliijua ile miguu. Niliinama bila kuomba ruhusa nikabonyeza kwa kidole juu ya kifundo. Shimo likabaki.

"Mkaguzi," alisema, "hata misa ya wafu wako haijapoa, unakagua."

"Tangu lini?"

"Miguu ya wazee, waitu. Inachoka."

"Umekwenda hospitali?"

"Nakunywa majani yangu. Nalala nimekaa, basi. Asubuhi naamka."

Nalala nimekaa. Nilisimama pale na sahani za watu mkononi. Sitadanganya: niliwaza kuingia ndani nikaziosha. Ningemwambia pole, mzee, kapumzike, na yeye angekwenda zake polepole hadi kwake, na hakuna mtu ambaye angenilaumu. Nilikuwa na sababu yangu. Nikaweka sahani chini.

"Simama, Frateri. Imba."

Alicheka. Kisha akaona sicheki, akasimama, ameshika nguzo. Nilikwenda nyuma yake nikaweka kiganja katikati ya mabega, mahali pale pale alipokuwa akituwekea sisi. Shati lilikuwa limelowa. Nikafumba macho.

Aliimba ule wimbo wa mama. Sauti ilitoka nzuri, imezeeka lakini nzuri, mstari wa kwanza mzima, wa pili mzima. Ningekuwa nimekaa kwenye viti pamoja na watu ningesema mzee huyu ana afya. Lakini kiganja changu kilikuwa pale. Chini ya herufi laini ya mstari wa kwanza, kitu kikaruka kwa ndani, kidogo, haraka. Kikaruka tena. Halafu tena, kabla neno halijaisha. Mabega hayakujua. Sikio halikujua. Alikuwa anaiba kila alipopata upenyo, na ubeti ukaisha bila kukatika.

"Umeiba," nilisema.

Hakugeuka.

"Umeiba toka mwanzo mpaka mwisho. Nimehesabu mpaka nikapoteza hesabu."

"Mama yako alikuwa anaiba vizuri kuliko mimi," alisema.

Mkono wangu ulikuwa bado mgongoni mwake. Nilitaka kuutoa, haukutoka.

"Kwa hiyo ulisikia. Siku ile."

"Nilisikia."

"Kila mara?"

"Kila mara." Alikuwa anahema sasa, hajifichi tena. "Wengine wote niliowapima hawakujua kuimba, Mkaguzi. Pumzi zikiisha, zinaisha. Yeye nilimfundisha mwenyewe. Kila alipoiba, mimi nikasema moyoni, sikiliza kazi yako hiyo. Sikusikia mgonjwa. Nilikuwa najisikiliza mimi."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimemtengenezea uovu mkubwa, wenye mpango na faida. Hiki alichonipa kilikuwa kidogo, na kiliniuma kuliko ule. Nililia pale pale nyuma yake, kiganja kimebaki mgongoni, naye akabaki ameshika nguzo na hakunibembeleza. Nilimshukuru kwa hilo. Toka barazani tuliona kaburi la mama katikati ya migomba, na maua ya misa yakiwa bado juu yake.

"Frateri," nilisema nilipoweza, "wewe si wangu."

Alielewa. Aliinamisha kichwa kidogo, vile vile alivyokuwa akipokea salamu njiani.

Nikaleta gari mpaka mbele ya baraza. Nilimwambia avae viatu, akajaribu, havikuingia. Nikavibeba mimi.